Waqo Well

...mzima, ndiyo, well ni mzima, ni neno la darasa la pili, halina kona wala mlango wa nyuma, Habibo alijiambia, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikiwa bado juu ya kioo cha simu na mkono wa kulia ameuachia Sadiya aliyeuinamia na koni yake ya hina, Waqo well, maneno mawili tu, yametoka kwa Chachu kule malishoni ng'ambo ya Garbatulla, na Habibo ameyasoma kwa sauti kama walimu walivyo, hawawezi kusoma kimya, na Sadiya amesema Alhamdulillahi bila kuinua kichwa na kuendelea kuchora jani kwenye kiganja, kwa hiyo jambo limekwisha, mume ni mzima, kesho kutwa anarudi nyumbani Chechelesi, hina itakuwa imekolea, basi mbona kidole hakitaki kutoka kwenye kioo... "Si nilikuambia," Sadiya alikuwa akisema, "simu ya mtu wa ng'ombe ikizima si ati amekufa, ni chaji imeisha, lakini wewe mwalimu unapenda kubeba wasiwasi, siku tatu tu umekonda hivi, akikuja atauliza nani amekula bibi yangu," na Habibo akacheka kidogo, kicheko cha adabu, cha kumrudishia mtu sahani yake, kwa sababu Sadiya ni mtu mwema, amekuja na joto hili la saa tisa akibeba hina aliyoikoroga mwenyewe kwa ndimu, na kuhusu siku tatu hakukosea, siku tatu simu ya Waqo imezima, na leo asubuhi Habibo hakuweza tena, akamwandikia Chachu, anayechunga na Waqo, mwanafunzi wake wa zamani, akamwandikia kwa Kiingereza kama ilivyo desturi yao, How is Waqo, na jibu ndilo hili, limekuja, limesomeka, hajambo, well, na mwenye akili angeweka simu chini akafikiria atapika nini. Akabonyeza nambari ya Chachu kwa mkono ule mmoja. Mteja hapatikani. Akabonyeza ya Waqo. Mteja hapatikani, yule dada wa simu na sauti yake isiyo na mtu aliyewahi kumkosa, jaribu tena baadaye, na Sadiya akamgusa kidole, "Tulia, mwalimu, ukicheza hivyo hii jani inakuwa mwiba."

Akatulia. Mkono ulitulia, alitaka kusema, maana mwili unaweza kuketishwa kwenye mkeka ukatulia lakini akili ni mbuzi, unaifunga hapa unaikuta kwa jirani, na akili ya Habibo ilikuwa imekwisha kufika chuoni, miaka kumi na minane nyuma, chumba chenye madirisha yasiyofungika na mzee M'Ikiara mbele, Mmeru mfupi mwenye koti la sufu hata jua likiwaka, mwalimu wao wa Kiingereza, aliyependa kuwaambia kwamba maneno ya Kiingereza yana ukoo kama watu, usiyaamini kwa sura, ukitaka kujua neno uliza mama yake ni nani, na siku moja akaandika well ubaoni mara mbili, moja juu ya nyingine, akauliza darasa, hawa ni ndugu? na darasa zima likasema ndiyo mwalimu, akafurahi, alikuwa akifurahi sana watu wakikosea, akasema la hasha, hawa wanafanana uso tu, hawajanyonya ziwa moja, huyu wa kwanza, well ya mtu hajambo, amezaliwa na neno la kale la kutaka, la kupenda, yaani mambo yamekwenda kama nilivyotaka, na binamu yake ni will, na huyu wa pili, well ya maji, kisima, amezaliwa na neno la kuchemka, la kububujika, maji yanayopanda kutoka chini bila kuombwa, mmoja anatoka moyoni mwa mtu na mwingine anatoka tumboni mwa ardhi, na wamekutana tu njiani wakavaa nguo sawa... na Habibo wakati ule alikuwa msichana wa miaka ishirini, akayanakili yote kwa wino wa bluu kwa sababu yangeweza kuja kwenye mtihani, na hayakuja, hayakuja kamwe, yamengoja miaka kumi na minane kuja leo, akiwa ameketi na mkono uliopakwa, kisima, mungu wangu, kisima. Waqo kisima.

Hapana. Alisema hapana kwa sauti, au alidhani amesema moyoni, kwa kuwa Sadiya aliinua macho, "Hapana nini, unataka niweke nukta?" na Habibo akasema weka tu, weka nukta, na Sadiya akaweka, moja, nyingine, akirudia habari ya Florence wa nyumba ya tatu, nesi, Mkristo, aliyekuja jana kuomba naye achorwe maua kwa ajili ya harusi ya dada yake, "nikamwambia Florence, hina haina dini, kaa chini, lakini yeye akaniuliza kama ni halali kuosha vyombo nayo, sasa hiyo ni swali gani," na Habibo alisikia nusu, Florence, nesi, hospitali, na hapo likaja lile well la tatu ambalo M'Ikiara alilitaja akielekea mlangoni huku amekumbatia vitabu, kana kwamba halistahili hata chaki, akasema kuna lile la kuanzia sentensi, lile halina maana, ni kama mtu anayekohoa kabla ya kubisha hodi, lakini sikilizeni, Mwingereza akianza na well, vuteni kiti, kinachofuata hakina utamu, na wote wakacheka, naye alicheka mpaka mwaka aliposimama kwenye korido ya hospitali babake akiwa ndani na daktari kijana akatoka akivua glavu, akamtazama, akatazama sakafu, akasema, Well... na hakumaliza, hakuhitaji, Habibo alijua kutoka hapo, alijua kabla ya mama yake aliyekuwa akiuliza daktari amesema nini, amesema nini, na yeye akashindwa kutafsiri, maana utatafsiri vipi neno lisilo na maana ambalo limekwisha kumzika mtu. Waqo, well... Chachu alikuwa akianza sentensi? Aliandika jina, akaandika lile neno la kukohoa, kisha akakosa la kusema, akabonyeza tuma? Lakini Chachu si daktari, Chachu hajui mbwembwe hizo za kizungu, Chachu akitaka kusema kitu anakisema kilivyo, ni mtu wa maneno manne kwa siku, na hilo ndilo lingepaswa kumpoza moyo, likamzidishia, kwani kule walikopiga kambi hakuna mtandao, mtu hupanda kilima, mwendo wa saa nzima kwenda juu kwenye mawe, mpaka kwenye mti mmoja wa miiba uliopinda ambapo simu hupata alama moja, ndipo husoma aliyoletewa na kujibu, Waqo mwenyewe ndiye aliyempigia akiwa hapo akihema, akimwambia nakupenda mpaka nimepanda mlima, akamtania, akamwambia mlima gani huo, ni kichuguu. Sasa ni mtu gani anapanda saa nzima juani kuandika maneno mawili? Kama mambo ni mema si ungekaa, si ungesalimia, si ungengoja upigiwe? Ameandika akashuka. Amekimbilia wapi? Wanamhitaji wapi, mtu mwenye mikono miwili, wakati wenzake wako chini...

Labda ni will. Akalishika hilo kwa nguvu, kama mtu aliyeona kamba, labda Chachu alitaka kuandika will, Waqo will come, Waqo atakuja, chaji ikaisha, au kidole kikateleza, Chachu anaandika kwa sikio, e na i kwake ni pacha, aliwahi kuandika I am seek kwa maana anaumwa na Habibo akashinda akijiuliza anatafuta nini, ndiyo, will, binamu wa well, M'Ikiara mwenyewe alisema, ile nia, ile taka, Waqo atakuja, kesho kutwa kama alivyoahidi, ataingia mlangoni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, atasema salaam aleikum kwa ile sauti ya mtu aliyeongea na ng'ombe muda mrefu, na Habibo alikaribia kutabasamu, alikuwa tayari amelegeza bega, kisha akili yake, ile akili mbaya ya mwalimu inayofungua kamusi hata pasipoitwa, ikamkumbusha kwamba will ina maana nyingine pia, ni karatasi, ni maneno anayoyaacha mtu, wosia. Waqo will. Wosia wa Waqo. Akaghairi, akatema neno lile lote, na binamu yake, astaghfirullahi, nani amemtuma kusoma. Mama yake hakujua hata herufi moja na habari zilimfikia zikiwa na sura moja tu, mtu akija mbio ni msiba, akija taratibu ni salamu, na Habibo ambaye ukoo mzima unajivunia cheti chake ameketi hapa na maneno mawili yenye sura nne, yanamtazama.

"Mwalimu, jasho," Sadiya alisema, akachukua kipembe cha leso yake akamfuta kwenye paji la uso kama mtoto, "si uingie ndani kwa kivuli?" na Habibo akasema hapa pazuri, kuna upepo, na upepo haukuwepo, kulikuwa na vumbi tu lililosimama kwenye lango na punda wa mtu wa maji akipita na mitungi, mitungi ya manjano, ishirini ishirini, maji ya mjini yanayokuja yenyewe kwa punda, wala mtu hashuki popote kuyatafuta. Waqo hushuka. Watu wanne au watano hujipanga kwenye ngazi za udongo, mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono na wimbo, na aliye chini kabisa, anayesimama majini na kuchota, ni yeye, kila mara yeye, kwa sababu ana mikono mirefu na kwa sababu hajui kusema hapana, na ukame ukiendelea maji yanarudi nyuma, nao wanayafuata, wanachimba, kila wiki kina kinaongezeka, kila wiki aliye chini anakuwa chini zaidi. Alimwambia. Hilo ndilo alilokuwa akilikwepa tangu asubuhi, akizunguka na visima vya Kiingereza ili asifike kwenye kile kimoja cha kweli, Waqo alimwambia, Jumapili, kwenye simu ya mwisho, alimwambia, "Habibo, hii kisima inakohoa," naye alikuwa akikata vitunguu, simu ameibana kwa bega, rundo la madaftari ya kusahihisha linamngoja mezani, akauliza, "Inakohoa aje?" akasema, "Udongo inaanguka, kidogo kidogo, asubuhi tunapata ndani, kama mtu ya kifua, nimefikiria nikuje kesho, nisingoje zamu yetu iishe, ichukuliwe na wengine," na yeye, Habibo, mke wake, mwenye maneno mengi kuliko akili, akamjibu, "Kisima hakikohoi, Waqo, ni wewe umechoka, ukiachilia zamu hamtarudishiwa, na hao ng'ombe watakunywa hadithi?" Alicheka hata. Alikuwa na haki, jambo baya ni hilo, alikuwa na haki, ukitoka kwenye zamu ya maji wakati wa ukame unakwenda mwisho wa safu na safu ni siku sita, na ng'ombe wamebaki saba, ni yeye Waqo aliyemfundisha hesabu hiyo, lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado... Upepo wa kule juu kwenye kilima ukapuliza ndani ya simu, kisha akasema, "Haya, mwalimu." Hakuwa akimwita mwalimu. Wote wanamwita mwalimu, Sadiya, Florence, muuza maziwa, yeye anamwita Habibo, isipokuwa amemuumiza, hapo ndipo humwita mwalimu, na alijua, alisikia, akasema tutaongea, kitunguu kilikuwa kinamwasha macho, akakata.

Jumapili. Jumatatu simu ikazima. Udongo unaanguka kidogo kidogo, kisha siku moja hauanguki kidogo. Alipeleka mkono wa kushoto kifuani bila kujua, simu ikiwa ndani yake, na Sadiya akaendelea, jani, shina, jani, akinong'ona kitu kuhusu rangi, kwamba hina ikishika sana ni dalili mume anampenda, wazee walisema, na ikikataa, sijui, ilikataa kwa bibi harusi mmoja Kulamawe na ndoa haikufika mfungo wa Ramadhani, na Habibo akatazama kiganja chake, kile kitu cheusi kilicholowa, kinachonuka ndimu na ardhi, na kwa mara ya kwanza akakiona ni nini. Mwanamke aliyefiwa na mume hapaki hina. Hatii wanja, hatii manukato, havai la kung'aa, miezi minne na siku kumi, kila mtoto wa kike anajua, aliwahi kumwona shangazi yake akisugua viganja kwa mchanga mpaka vikatoka damu kwa kuwa habari ilimkuta amepakwa, ana maua ya harusi ya jirani, na watu wakija kumpa pole anaficha mikono ndani ya buibui kama mwizi. Na eda haingoji habari ifike. Mke wa shehe aliwaeleza kwenye darsa, mtu mmoja akauliza, je, kama sikuambiwa, akasema eda inaanza siku aliyokufa, si siku uliyosikia, unaweza kuwa unacheka, unaweza kuwa unapika, siku zinahesabika juu yako na wewe hujui. Unaweza kuwa umeketi kwenye mkeka Chechelesi mkono mmoja umechorwa. Basi mimi ni nani sasa hivi, Habibo alijiuliza, hapa, kwa dakika hii, ni mke anayejipamba au ni mjane anayemwasi Mungu wake? Na jibu lilikuwa kwenye simu, lilikuwa limeandikwa, mwanafunzi wake ameliandika vizuri kabisa, ni yeye asiyejua kulisoma.

Basi soma, mwalimu. Akafungua ujumbe wa zamani. Alifanya hivyo polepole, kwa kidole kimoja, akipandisha juu, juu, miezi minne ya Chachu, na Chachu hakuwa amebadilika, kila ujumbe ni sawa na mwenzake, Dear teacher. I fine. Waqo fine. Cow fine. Your student Chachu. Mwezi wa pili, Waqo fine. Mwezi wa tatu, siku ile ya mvua ya uongo, Waqo fine. Wiki mbili zilizopita, Waqo fine, cow one die. Fine, fine, fine, akashuka mpaka chini, mpaka wa leo. Hakuna dear. Hakuna teacher. Hakuna I, hakuna cow. Na palipokuwa pakikaa fine pamekaa neno jingine, na Habibo alikuwa sasa anakumbuka, na hakutaka kukumbuka, alitamani Sadiya aseme kitu, chochote, lakini Sadiya alikuwa amefika kwenye vidole na pale huwa haongei... Kulamawe, darasa la ngumbaru, jioni, watu wazima kumi na wawili kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, na yeye mwalimu mpya, kijana, mjuaji, na Chachu nyuma kabisa, mwanamume mzima mwenye ndevu, ameshika kalamu kama fimbo. Aliwapa kazi, andikeni sentensi kuhusu nyumbani, na Chachu akaandika kama alivyoandika siku zote, bila is, bila in, kwa kuwa yeye akiweka mtu karibu na mahali alidhani msikilizaji ana akili ya kutosha, My father market, aliandika, My wife river, na wino mwekundu wa Habibo ukamwagika kwenye daftari lake wiki baada ya wiki bila faida, na jioni ile alikuwa ameandika, Goat well. Akaisoma mbele ya darasa. Hakuna aliyemlazimisha. Akaisoma kwa kuigiza, Goat well, akasema haya jamani, mbuzi wa Chachu hajambo, anawasalimu, na darasa likacheka, watu wazima wakacheka mpaka dawati moja likaanguka, na Chachu hakucheka, alisimama, akangoja wamalize, akasema kwa Kiborana, taratibu, mwalimu, mbuzi yangu aliingia kisimani jana, alikuwa na mimba, tumemtoa leo.

Na yeye, akaona aibu, akafanya wanachofanya walimu wakiona aibu, akageukia ubao. Akaandika kanuni. Akasema sikilizeni wote, ili tusichanganyikiwe tena, mtu akiwa mzima, mnyama akiwa mzima, andikeni fine, fine tu, na hili well tuliachie maji, well ni kisima na si kitu kingine, mmesikia, na wakajibu ndiyo teacher, wakanakili, na Chachu akanakili, na Chachu ni mtu ambaye ukimwambia mara moja umemwambia, miaka kumi na tatu sasa, hata mara moja, hata mara moja hajamwandikia kwamba mtu ni well. Neno lile limekaa kwake likiwa na maana moja. Aliyeufunga mlango ule mwingine ni Habibo mwenyewe, kwa chaki, kwa mkono huu huu.

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amejua tangu kidole kilipokataa kutoka kwenye kioo. Bado palikuwa na kijinafasi, ndiyo, upana wa kijineno kimoja ambacho Chachu hakuwahi kukiandika, at au in, Waqo yuko kisimani kwa maana ya zamu, anachota, anaimba, na Chachu amechanganya How na Where kama kawaida yake, akajibu alipo badala ya alivyo, inawezekana, Mungu ni mkubwa, watu wameokolewa kwa vijineno vidogo kuliko hivyo... lakini kwa zamu mtu hapandi kilima. Kwa zamu mtu anaandika cow fine. Simu ilikuwa imelala kwenye kiganja cha kushoto, kimya, na alijua pia kwamba italia, leo au kesho, Chachu atapanda tena, au chifu atapiga, au atakuja mtu mbio langoni, mtu mwenye lugha moja tu mdomoni, na hapo hapatakuwa na ukoo wa maneno wala chuo, patakuwa na mchanga wa kusugulia mikono. Alimpenda. Alimpenda mtu yule mwenye mikono mirefu asiyejua kusema hapana, na alimtuma chini kwa sentensi nzuri isiyo na kosa hata moja. Angeweza kumwambia Sadiya sasa hivi, leta maji, osha. Lingekuwa jambo la dini, lingekuwa jambo la heshima. Lakini akiosha, ni nani aliyemuua? Atakuwa amemzika yeye, kwa kusoma, kabla hata watu hawajamaliza kuchimba, na labda wanachimba, labda wakati huu wanapokezana ndoo na ndani ya ndoo hakuna maji ni udongo, mkono kwa mkono, wakiimba au hawaimbi.

"Huu umeisha," Sadiya alisema, akajinyoosha mgongo, akautazama mkono wa kulia kwa upande, akaridhika nao. "Acha hiyo simu sasa, lete ya pili."

Punda wa maji alikuwa bado langoni. Habibo akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka, akaufuta mkono wa kushoto kwenye dera lake, akaunyoosha. Wa mwisho uliokuwa huru. Ikilia hatakuwa na mkono wa kuishikia.

"Nichore kama ile ingine ama niweke ua kubwa?" Sadiya aliuliza. "Kubwa iko na kazi mingi, nakuambia mapema, na haitaki kuguswa, mpaka magharibi utakaa tu hivi kama mgonjwa."

"Weka kubwa," Habibo akasema. "Weka ile inachelewa kukauka."